Kinachoenea Mkononi

Muuzaji pale Maribor aliweka tatu juu ya kioo,
akazipanga kama daktari wa meno apangavyo vyombo,
akaanza na ile yenye jicho kubwa.
Hii, mama, inaona hadi mashimo ya mwezi.

Sikuwa na haja na mashimo ya mwezi.
Nilikuwa na siku tisa za likizo, hema la watu wanne,
kilomita mia mbili na ushei hadi baharini
na gari linalochemka kila mlima.

Nikafungua mkoba, nikaumwaga wote mbele yake:
chupa ya maji, plasta za magoti,
mafuta ya jua, soksi moja ya Jernej,
nusu mkate uliokwisha kuwa bapa.
Nikavirudisha kimoja kimoja,
kisha nikajaribu kamera juu yake.
Ya kwanza ilikataa zipu.
Ya pili iliingia, maji yakabaki nje.
Muuzaji akakohoa. Nyuma yangu foleni ikahamisha mguu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Kwetu mzigo ni kanda kweli,
kanda kumi na moja ndani ya boksi la viatu,
za baba mkwe, Ciril,
aliyebeba kamera yake begani
kama anayempeleka mwanakondoo mgonjwa kwa daktari.
Viangazi kumi na kimoja.
Wote wamo: mama mkwe anamenya pichi,
Borut wangu, miaka sita, analilia kaa aliyemtoroka,
shangazi Vida na ile kofia.
Ciril hayumo.
Kikohozi chake kimo. Kivuli chake kimo mchangani,
bega moja kubwa kuliko la pili.
Na sauti: sogeeni, sogeeni kidogo, jua.
Februari, baada ya mazishi, tulikesha tukimtafuta,
walau akitembea, walau akila.
Tulipata mawimbi yanayopanda na kushuka polepole,
mpaka Borut akasema, siyo mawimbi hayo,
ni Baba anapumua.

Basi nikaishika ya tatu.
Fupi, rangi ya fedha, imezidi sabuni ya kuogea kidogo tu.
Muuzaji, kwa haki yake, hakunificha:
betri ni dakika arobaini,
gizani haioni kitu,
mkono ukitetemeka, dunia nayo itatetemeka.

Nikamwita Neža, aliyekuwa chini ya meza akihesabu skrubu.
Shika.
Muuzaji akafumba macho.
Kidole gumba chake kikakifikia kitufe bila msaada.
Akazunguka duka zima,
akapiga viatu vya foleni, akapiga bei,
akapiga tumbo la muuzaji, lililojivuta ndani upesi,
kisha akanigeukia, akatazama kioo, akanitazama mimi,
akarudi kwenye kioo:
Mama, mbona na wewe umo?

Nikalipa.

Nyumbani Borut akauliza, inavuta karibu mara ngapi?
Nikasema sijui. Inaenea mkononi mwa Neža.
Akaigeuza geuza, akaipima kiganjani,
akaenda kusimama dirishani muda mrefu
kama mtu anayeangalia hali ya hewa.

Siku tisa, kanda mbili.
Bahari imelala upande, mlevi kabisa.
Dakika nne ni goti la Borut.
Sisimizi anahamisha kipande cha jibini
na msimulizi hana haraka naye.
Jernej anataka zamu yake, ananyimwa, anapiga kelele,
anapewa, anarekodi ndani ya mfuko wake.
Halafu, asubuhi ya kuondoka, mimi:
nakunja hema, nywele ovyo,
naimba vibaya nikidhani niko peke yangu,
nimepigwa kutoka chini, kimo cha miaka mitano,
mrefu kuliko misonobari.

Betri inakata kabla sijageuka.